Volti Tisa za Mkunga

Bwenini, Jumapili, 9 Februari

Shikamoo, Shangazi.

Tik. Nilifika salama, na katika yote niliyorudi nayo kutoka kwako hicho ndicho kisichotoka kichwani. Moyo wa mtoto ulikuwa umejaa chumba kizima, kama mtu anayepanda ngazi mbio kwa kandambili. Halafu tik, halafu kimya. Mimi niliyesimama mlangoni na beseni nilijua ni betri ya kisikizi, kile kifaa chako cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Wewe ulijua ni betri. Fundi Cherehani, aliyelala kitandani tumbo wazi, hakujua. Ulimwambia, "Ni betri, mama, ni betri tu," na yeye akawa anauliza, "Mbona umenyamaza? Mbona umenyamaza?" na hakuwa akisema na wewe.

Nimekuwa nikilifikiria hilo darasani, mezani, bafuni. Kisikizi chako kinataka betri ya volti tisa, ile ya pembe nne, ambayo duka lenu limeacha kuileta. Wewe kwenye vifaa vya kituo chenu cha afya unaletewa betri mbili ndogo za tochi, basi. Mbili kwa pamoja ni volti tatu. Nataka kukutengenezea kipandisha volti: kidude kidogo kinachopokea tatu na kutoa tisa.

Mwalimu wetu wa maabara, tunayemwita Bwana Kipimo, anataka kila mmoja achague kazi ya mwisho ya kumaliza chuo. Darasa zima linatengeneza mageti yanayojifungua yenyewe. Mimi nimeandika jina la kipandisha.

Ila kuna jambo silielewi. Mbona hutumii ile pembe ya mbao? Si ndiyo uliyokuwa ukiwasikilizia watoto kabla ya vifaa vyote hivi?

Nilijaribu kukupigia. Hupokei.

Wako,
Mchokonozi

*

Kituoni, Jumatatu, 17 Februari

Mchokonozi wangu,

Marahaba. Umeondoka hata wiki haijakauka umeshaanza maswali.

Pembe imepasuka. Na simu usijisumbue kupiga, siku hizi zinanichosha, sauti ya huku inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Niandikie. Barua naisoma kwa raha zangu, miguu juu ya kiti, chai pembeni.

Sasa niambie, mwanangu uliyesoma: tatu inakuwaje tisa? Huyu muuza maziwa wetu anayeongeza maji hana ujasiri wa kufanya hivyo. Ukitengeneza cha uongo nitakuchapa hata kama una digrii.

Fundi Cherehani hajarudi. Ametuma salamu kwamba mtoto wake atamsikiliza mwenyewe kwa kiganja. Nimepita dukani kwake, ameinamia cherehani, akanijibu bila kuinua uso, "Mkunga, mimi nimeshapoteza mmoja. Sauti ile sitaki kuisikia ikikatika tena." Tumbo linakua na hakuna anayempima.

Mwisho wa Aprili Muuguzi Mkuu wa wilaya anakuja kutuangalia wakunga tukifanya kazi. Ni mambo ya kawaida, nakwambia tu ujue kwa nini nafagia sana.

Kula vizuri.

Shangazi yako

*

Bwenini, Jumapili, 2 Machi

Shikamoo, Shangazi.

Muuza maziwa wako amenisaidia kuliko kitabu. Ni kweli, hakuna kinachozaliwa hapa. Volti zikipanda, mkondo unapungua. Kipandisha kinabadilisha tu sura ya kilichopo, na njiani kinakula kidogo kama dalali.

Unajua bomba la jikoni kwako linavyogonga ukutani ukifunga koki ghafla? Maji yalikuwa mbioni, hayakutaka kusimama, yakapiga. Koili ni hivyo hivyo. Ni waya wa shaba nilioufunga kwenye pete nyeusi inayoenea kidole gumba. Unaupitishia umeme wa betri, halafu unaukata. Umeme hautaki kusimama, unaruka juu kuliko ulivyoingia. Mbele yake nimeweka dayodi, ambayo ni mlango unaofunguka upande mmoja, na nyuma ya mlango kapasita, ambayo ni ndoo ya kukingia. Kazi ya kufungua na kukata inafanywa na transista, kwa kasi ambayo sikio la mtu haliifikii.

Cha kwanza kiliungua. Niliweka mlango kinyume. Harufu ya transista iliyoungua inaingia kwenye nywele na haitoki. Mwenzangu wa chumba aliuliza kama nimekaanga viatu. Nikaanza upya. Nilipogusisha mita, ikaniandikia tisa. Nikabadilisha mita, nikidhani ile inanionea huruma. Tisa. Nilikaa sakafuni, Shangazi. Nilifurahi mpaka nikakasirika kwamba chumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Bwana Kipimo alikitazama akasema, "Binti, geti lina maksi nyingi kuliko kiberiti hiki." Nikamwambia, "Sawa, mwalimu. Andika kiberiti."

Nimetengeneza viwili pacha. Kimoja nakutumia kwa dereva wa basi. Kinafyonza hata betri ambayo watu wameshaitupa. Kwa hiyo usitupe kitu!

Mchokonozi

*

Kituoni, Jumatano, 12 Machi

Mwanangu,

Kimefika. Dereva amekileta mwenyewe hadi mlangoni, kimefungwa kama keki.

Kinafanya kazi vizuri mno, Mungu akubarikie mikono hiyo. Nimekisifu kwa kila mtu. Sikupoteza hata betri mpya moja, nimeweka zile zilizochoka za saa ya ukutani, kama ulivyoniambia. Dada yetu wa usafi, yule Kasuku, anasema kinaimba kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Mimi huyo mbu wake simsikii, lakini Kasuku husikia hadi yanayosemwa nyumba ya tatu.

Sasa tulia usome mambo mengine. Umefanya la kutosha. Niandikie habari zako, si za koili. Je, umepata rafiki? Unalala?

Shangazi yako anayekupenda

*

Bwenini, Jumatano, 19 Machi

Shangazi,

Hakifanyi kazi.

Nilisoma barua yako nikacheka. Niliirudia, nikafika kwa mbu, nikaacha kucheka. Kipandisha chenye afya hakiimbi. Kasi yake iko juu ya sikio la mtu. Kikiimba, maana yake kina njaa: kinavuta betri, betri inazimia, kinaanguka, kinaamka, kinavuta tena. Kuanguka na kuamka huko ndiko mluzi. Kisikizi hakiwezi kuishi kwa umeme wa namna hiyo. Nimechomoa betri za saa ya korido nikaweka kwenye pacha wake niliyebaki naye, na kimeimba. (Saa imesimama, nusu ya bweni wamechelewa darasani, na sijasema ni nani.) Kosa ni langu. Nilikijaribu kwa betri mpya, nikajisifu kwa betri zilizokufa.

Hilo ni la kwanza. La pili limenifanya niweke kalamu chini nikatembea.

Mluzi huo ni mwembamba lakini hauna haya. Unachoma. Kilikuwa mezani kwako, mbele ya uso wako. Kasuku ameusikia akiwa na ufagio mkononi. Wewe hukuusikia.

Simu zimeanza kukuchosha lini? Wewe uliyekuwa ukinipigia kila jioni kuniuliza nimekula nini. Na pembe imepasukia wapi? Januari niliifuta vumbi kwa mikono yangu. Ilikuwa nzima.

Sikuulizi ili nikuaibishe. Naomba uniambie kweli, kwa sababu nahitaji kujua kitu ninachotengeneza ni cha nani.

Mimi

*

Kituoni, Alhamisi, 27 Machi

Mchokonozi,

Nilikupa jina hilo siku ulipofungua redio ya babu yako kwa kisu cha mkate. Leo umenifungua mimi.

Pembe ni nzima. Iko rafuni. Naiweka tumboni, naweka sikio, nasikia chumba, nasikia damu yangu mwenyewe, mtoto simsikii. Masikio yalianza kuondoka na vitu vyembamba: kengele ya baiskeli, birika likichemka. Nikasema ni uzee wa kawaida. Kisha yakaondoka na watu. Wewe kwenye simu ulikuwa kama mtu anayeongea ndani ya ndoo, nami nakuitikia "ehee, ehee" bila kujua naitikia nini. Siku moja ulilia nikacheka. Ndipo nikaacha kupokea.

Kisikizi kina kipaza sauti, na kinaandika mapigo kwa namba kwenye kioo. Kwa hicho mimi ni mkunga mzima. Bila hicho, kila mama ninayeshindwa kumsikia mtoto wake namwandikia aende hospitali kubwa, nasema kifaa kibovu. Sijamdanganya hata mmoja kwamba nimesikia. Lakini wengi hawaendi, ni mbali.

Kidude chako kiliwasha taa ya kijani, sauti ikaanza, kikazima. Kila nikijaribu. Nilikwambia kinafanya kazi kwa sababu ulikuwa umeandika kwamba ulikaa sakafuni kwa furaha. Nilimwonea huruma huyo aliyekaa sakafuni.

Muuguzi Mkuu atasimama pembeni yangu nikipima. Akiona simsikii mtoto, nitapelekwa stoo nikahesabu glavu mpaka nistaafu. Sijamwambia mtu, hata Kasuku, hasa Kasuku. Nusu ya mtaa huu walianguka kwenye mikono hii wakitoka tumboni, na mikono haijachoka.

Usijitaabishe, una mtihani. Ila kama ipo namna, ipo.

Shangazi

*

Bwenini, Alhamisi, 10 Aprili

Shikamoo, Shangazi wangu.

Ipo.

Cha kwanza kilikuwa na pupa. Kilivuta betri kama mtu anayenyonya mrija kwa nguvu mpaka mrija unabanana, halipiti hata tone. Hiki kipya kinakunywa kwa adabu. Nimefunga koili upya kwa waya mnene zaidi. Nimeweka ndoo nyingine upande wa betri, ili kikihitaji funda kubwa kichote humo badala ya kuibana betri yenyewe. Na kikishaamka, transista zinajilisha kwa zile tisa kinazotoa, hazitegemei tena tatu zinazoyumba. Niliona aibu kwamba sikuanza na hilo. Nimekijaribu kwa betri mpya, kwa betri za tochi ya mlinzi, kwa betri za saa ya korido, ambazo hata akrabu ya sekunde zilishindwa kuisogeza. Niliweka sikio juu yake. Kimya. Mita inasema tisa. Nakutumia kwa dereva yule yule wa basi.

Nimeongeza taa ya njano. Itawaka dakika chache kabla ya betri kuisha, ili mama aambiwe na wewe kabla hajaambiwa na kimya.

Siku ya Muuguzi Mkuu weka betri mpya, nakusihi. Ubahili uweke siku nyingine.

Na umwambie kuhusu masikio kabla hujagusa kitu. Mimi mbali huku nimejua kwa sababu ya mbu; yeye atakuwa amesimama na wewe chumba kimoja. Nikifikiria ukimficha, mikono inapoa. Nikifikiria ukimwambia, inapoa vilevile, lakini naweza kufanya kazi.

Kuhusu mtihani usijali. Ninacho kingine.

Mchokonozi wako

*

Kituoni, Jumatano, 30 Aprili

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Kaa chini. Kama ni sakafuni, kaa sakafuni.

Muuguzi Mkuu alifika asubuhi, viatu vyake vinang'aa, kalamu tatu mfukoni. Kabla hajaweka mkoba nikamwambia, "Dada, sikio langu la kulia limekufa, na la kushoto linasinzia." Nilisema kwa sauti, si unajua viziwi tunavyosema. Huko nje ufagio wa Kasuku ukasimama.

Akanitazama. Akauliza jambo, nikamwomba aniangalie usoni aseme tena. Akarudia polepole, "Basi nionyeshe unavyofanya kazi."

Nani unadhani alikuwa kwenye benchi? Fundi Cherehani, na tumbo limefika mlangoni kabla yake. Kasuku alikuwa amemwendea dukani akamwambia yupo binti aliyeacha kulala kwa sababu yake. Amekuongezea chumvi, msamehe. Fundi alikataa kulala kitandani, akasema atakaa kwenye kiti, ili ikibidi akimbie. Nikampimia hapo hapo kwenye kiti.

Sasa usinipigie kelele. Niliweka betri za saa ya ukutani. Nilitaka nijue, mwanangu. Kwa mpya hata mjinga angefaulu.

Taa ya kijani. Nikatafuta, nikatafuta, nikamhamisha kidogo upande. Halafu mtoto akaja. Nilimsikia! Si kwa kubahatisha, nilimsikia kwa sikio langu linalosinzia, na kioo kikaandika mia na arobaini na mbili. Chumba kizima kilikuwa mtoto. Fundi Cherehani akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, macho kwenye kidude chako kama mtu anayevizia mwizi.

Na taa ya njano ikawaka. Nikamwambia, "Mama, sasa kitanyamaza, ni betri, mtoto yupo." Akanijibu, "Nimeiona taa, Mkunga. Badilisha upesi, bado sijamaliza kumsikiliza." Bado sijamaliza! Kikazima. Alihema, hakupiga kelele. Nikaweka mpya, nikarudi pale pale, na mtoto akaendelea na safari yake.

Muuguzi Mkuu akachukua pembe rafuni, akainama mwenyewe, akahesabu kwa saa yake ya mkononi. Muda ulikuwa mrefu. Alipoinuka akasema, na nilimsoma midomo vizuri sana, "Inalingana." Kasuku akapiga vigelegele korido nzima, mgonjwa wa malaria akadhani kuna harusi.

Siendi stoo. Ameandika kwamba nipime kwa kifaa chenye sauti na kioo, na muuguzi kijana ashike pembe pale inapohitajika. Pia amenipangia nikapimwe masikio, nikapewe vya kuvaa. Akauliza kidude kimenunuliwa wapi. Nikamwambia hakiuzwi, kina mama yake.

Fundi Cherehani ameapa kuja kila Alhamisi kuanzia sasa, hata asipoitwa. Anasema atakuja kusikiliza redio.

Haya, na wewe? Mtihani umekwendaje? Umewaonyesha hicho kingine?

Shangazi yako, Mkunga

*

Bwenini, Alhamisi, 8 Mei

Shikamoo, Shangazi.

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za maktaba, kwa sauti, na watu wamenipisha.

Hakuna kingine. Kipya kilikuwa kimoja tu, na kiko mezani kwako. Ningekwambia, ungekirudisha kwa basi lile lile, nakujua.

Kwa hiyo niliingia kwenye mtihani na pacha mwenye pupa. Walikuwa watatu: mkuu wa idara, mama mmoja mhandisi kutoka kiwanda cha nyaya, na Bwana Kipimo. Niliomba feni izimwe. Nikaweka betri mpya, mita ikasoma tisa, wakatikisa vichwa kukubali. Nikasema, "Sasa nawaonyesha kinavyoshindwa." Nikaweka zilizochoka. Kikaimba. Yule mama mhandisi akaziba sikio. Mkuu wa idara akakunja uso. Bwana Kipimo akasema hasikii kitu, na sote tukanyamaza kwa adabu.

Halafu niliongea. Sijui niliongea muda gani. Niliwachorea mrija uliobanana, ndoo mbili, mlango, transista zinazojilisha. Kwa kawaida mbele ya watu sauti yangu hujificha; siku hiyo ilikuwa yangu yote. Mama mhandisi aliuliza maswali magumu na nilitaka aulize mengine. Mwisho alisema, "Huyu anajua kwa nini kitu chake kilikufa. Wengi hawajui hata kwa nini chao kinaishi." Nilitamani ungekuwepo umsome midomo.

Wakataka kukiona kipya. Mkuu wa idara akanieleza utaratibu: kazi inayofaulu inaletwa, inapimwa, inabaki chuoni kwenye kabati la kioo la korido, na bila hivyo jina halipandi kwenye orodha ya wahitimu. Nilikwenda kulitazama kabati. Kuna mageti madogo mazuri humo, kila moja lilijifungua mara moja tu, siku ya mtihani. Nikamfikiria Fundi Cherehani akija Alhamisi, akute meza tupu.

Sikuomba ushauri wako, kwa sababu ungesema nikichukue. Nimewaandikia barua kwamba kifaa changu kiko kazini, hakipatikani kwa kuletwa, na kwamba wanaotaka kukipima wakifuate kilipo, mwenye kukiwasha ni mkunga, na mimi nitajibu maswali nikiwa pale. Nimesaini na kuipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri mbele yangu.

Bwana Kipimo aliisoma akasimama, akavua miwani. "Binti, unatuita sisi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa basi?"

"Lipo la asubuhi, mwalimu. Tiketi nne nimeshakata. Ni Alhamisi."

Akavaa miwani tena, kisha akauliza kama ya kwake ni ya dirishani.

Ni ya dirishani.

Mchokonozi